Wanafunzi 384, akaunti 981: nifute zote nianze upya?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mkufunzi msaidizi kwenye chuo kimoja cha afya huku Kanda ya Ziwa. Niliajiriwa kufundisha kompyuta, lakini siku moja kikaoni nilisema kwamba niliwahi kutumia Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, nikiwa chuo kikuu. Kuanzia hapo nikawa msimamizi wa mfumo. Barua ya uteuzi sina, posho sina.

Muhula huu mkuu wa chuo alitangaza mbele ya wanafunzi wote kwamba mwaka wa kwanza watafanya kazi na majaribio yao mtandaoni. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Akaniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, Jumatatu wote wawe ndani." Wako 384: uganga wa tiba, uuguzi na ukunga, na famasia. Kuwaandikisha mmoja mmoja nisingeweza, kwa hiyo nikaomba orodha ofisi ya udahili ili niwapakie wote kwa mkupuo kwa faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu.

Orodha yenyewe, Mjomba, usiulize. Wengine majina matatu, wengine mawili, wengine jina la ukoo limetangulia. Baruapepe nyingi hazikuwepo. Mfumo unadai kila mtu awe na baruapepe, nami nikaona nisikwame: wale 164 wasio nayo nikawawekea ya kwangu. Jina la mtumiaji nikaunganisha jina la kwanza na la mwisho.

Jumamosi nikapakia. Wakaingia 213. Wale 164 wakakataliwa kwa sababu baruapepe inatumika tayari, na wengine saba wakarukwa kwa kuwa majina yao ya mtumiaji yalikwisha chukuliwa. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta kuna mahali pa kuruhusu akaunti nyingi zitumie baruapepe moja. Nikaruhusu. Halafu nikaona chaguo linalosema waongezwe wote, na jina likigongana liwekewe namba. Nikafurahi, nikapakia faili lile lile tena. Hakuna aliyekataliwa! Usiku ule simu yangu ililia hadi alfajiri, maana nywila za watu 164 zilikuwa zinaingia kwenye baruapepe yangu.

Jumapili nikagundua kina Ng'wandu na Nyang'oro majina yao yametoka na vidudu katikati, alama ambazo hata sizijui. Tena wengi wa wale wenye baruapepe walilalamika hawajapata kitu. Nikasafisha faili, nikaweka nywila moja kwa wote (jina la chuo, alama ya @ na mwaka), nikapakia mara ya tatu kwa chaguo lile lile kwa sababu ndilo lililokubali. Nikalirusha faili kwenye grupu la WhatsApp la viongozi wa madarasa ili kila mtu ajitafute. Ndani yake kulikuwa na majina, namba za simu, namba za mtihani wa kidato cha nne, na hiyo nywila.

Sasa nina akaunti 981. Tuna Neema John watatu wa kweli pale chuoni. Kwenye mfumo wako saba, kuanzia neemajohn, kisha neemajohn2 mpaka neemajohn7. Mkufunzi wa anatomia ameniletea karatasi anasema hajui amsahihishie nani, maana wanafunzi kama tisini wamekwisha wasilisha kazi, wengine kwa akaunti hii, wengine kwa ile. Juzi binti mmoja alikuja analia: aliingia akakuta kazi yake imeondolewa na kuwekwa ya mtu mwingine. Na baada ya wiki mbili kuna jaribio la mtandaoni lenye alama.

Mkuu wa chuo hajui lolote. Kila tukikutana ananipongeza. Rafiki yangu anasema nifute akaunti zote usiku nianze upya, asubuhi watu wakute mfumo mpya, niseme ni tatizo la mtandao. Mwingine anasema nirudishe bekapu. Bekapu sina.

Nifute? Na huyu mkuu nimwambieje?

Mpwa wako, mkufunzi asiye na barua

Jibu la Mjomba

Marahaba, mpwa wangu. Usifute.

Nianze na hilo kwa sababu najua barua hii unaisoma huku kidole kiko juu ya kitufe. Kwenye Moodle, ukimfuta mtumiaji, hakuna pipa la taka utakapomtafuta asubuhi. Jina lake la mtumiaji hubadilishwa, anaondolewa kwenye kozi zake, na pale kwenye kurasa za usimamizi hakuna kitufe cha kumrudisha. Kazi za anatomia za watu tisini zitaondoka naye. Ukisema ni mtandao, utakuwa umeongeza uongo juu ya kosa. Kosa lako ni la kawaida sana kwetu sisi tunaofanya kazi hii, ila uongo huo ungekugharimu kazi.

Mimi mwenyewe, zamani, nilipanga orodha kwa alfabeti kwenye Excel. Nilichagua safu ya majina peke yake, safu ya baruapepe nikaiacha ilivyo. Nikapakia. Kila mwanafunzi akapata barua ya kukaribishwa yenye jina la mwenzake. Kwa wiki nzima nilikuwa nikipita uani naitwa majina ya watu wengine. Kwa hiyo sikucheki, au nacheka kidogo tu.

Usiku wa leo fanya mambo mawili. La kwanza, bekapu. Kama seva mmeikodi, ipo sehemu ya kupakua hifadhidata kwenye ukurasa wa kusimamia seva, au mpigie mtoa huduma akutengenezee nakala. Kama iko chuoni, mtafute anayeielewa mkae naye. Usiguse akaunti hata moja kabla nakala hiyo haijakaa kwenye diski nyingine.

La pili ni ile nywila. Sasa hivi kila mwanafunzi anaweza kuingia kwa jina la mwenzake, na yule binti aliyekuja analia ameshayaona matokeo. Utashawishika kutumia kile kipengele cha kumlazimisha kila mtu abadili nywila akiingia. Peke yake hakifai hapa, na naomba unisikilize vizuri: atakayebadilisha ni yeyote atakayeingia wa kwanza kwa nywila ile ya wote. Ukikiwasha leo, mwenye nia mbaya ataichukua akaunti ya mwenzake iwe mali yake, na mwenyewe atabaki nje. Unachohitaji ni nywila mpya, tofauti kwa kila akaunti, iliyotengenezwa na wewe. Hiyo inakuja chini. Kwa usiku huu, weka mfumo kwenye hali ya matengenezo, watu wasiingie kabisa. Siku mbili tatu hazitamuua mtu.

Ule ujumbe wa WhatsApp, kama muda wa kuufuta kwa wote haujapita, ufute. Lakini usijidanganye, walioupakua wanao. Tangu 1 Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya mwaka 2022, na faili lenye simu na namba za mitihani za watu 384 si kitu cha kurushwa kwenye grupu. Hili litaje kwa mkuu wako waziwazi, usilifiche kwenye maelezo ya kiufundi.

Sasa tuje kwenye usafi wenyewe. Habari njema ni kwamba ile fujo ina mpangilio. Moodle humpa kila akaunti namba yake ya ndani, na namba hizo hufuatana kadiri akaunti zinavyoumbwa. Ulipopakia mara ya tatu, mfumo ulisoma faili lako kutoka mstari wa juu hadi wa chini. Maana yake, akaunti 384 za wimbi la tatu zimepangana kwa namba za ndani kwa mfuatano ule ule wa mistari ya faili lako. Akaunti ya kwanza ya wimbi hilo ni ya mtu wa mstari wa kwanza, ya pili ni ya wa pili. Na kwa kuwa kwenye faili ulikuwa na namba za kidato cha nne, unaweza kujua neemajohn5 aliumbwa kwa ajili ya Neema yupi, hata kama majina yanafanana herufi kwa herufi. Ombi langu pekee: faili lile la Jumapili uwe bado unalo, na uwe hujalipanga upya. Kama unalo, liweke mahali pasipoguswa, ufanyie kazi nakala.

Nenda kwenye ukurasa wa kushughulikia watumiaji wengi kwa pamoja. Pale unaweza kuwachuja, ukawachagua wote, ukapakua orodha yao. Namba ya ndani imo. Pakua mara mbili: kwanza wote 981, kisha wale tu ambao hawajawahi kuingia hata mara moja, maana kuna kichujio cha hilo. Ziunganishe orodha hizo kwenye lahajedwali moja. Namba za mwanzo 213 ni wimbi la Jumamosi mchana, 384 zinazofuata ni la Jumamosi usiku, za mwisho ni la Jumapili. Linganisha mistari ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho ya kila wimbi na faili lako kuhakikisha hakuna mstari ulioruka.

Ukifika hapo, mwombe mkufunzi wa anatomia orodha ya akaunti zilizowasilisha kazi. Utakuwa na mafungu matatu: ambazo hazijaguswa, ambazo ziliingiwa tu mtu akachungulia akatoka, na ambazo zina kazi ndani. Naamini nyingi zilizotumika zitakuwa za wimbi la tatu, kwa sababu ndilo lililokuwa na nywila inayojulikana. Basi lifanye hilo kuwa la msingi: kila mwanafunzi akaunti yake halali ni ile ya Jumapili, isipokuwa kazi yake iko kwenye nyingine. Kwa hao wachache, ile yenye kazi ndiyo ibaki. Akitokea mwenye kazi kwenye akaunti mbili, kuna programu-jalizi (plugin, yaani nyongeza ya mfumo) ya kuunganisha akaunti mbili kuwa moja, lakini inawekwa kando, haiji na Moodle, na ikishaunganisha haiachanishi. Kama hao ni watano au sita, mimi ningewaomba wawasilishe upya kwenye akaunti sahihi, tukaachana na programu-jalizi.

Zile 597 zilizozidi, zisimamishe, usizifute. Unaandaa faili lenye safu mbili tu, jina la mtumiaji na safu iitwayo suspended yenye namba 1, unapakia kwa chaguo la kusasisha waliopo tu, na unaruhusu kusimamisha akaunti kwenye mpangilio wa ukurasa ule. Aliyesimamishwa hawezi kuingia, lakini kila kitu chake kipo. Muhula ukiisha bila mtu kulalamika, hapo utafuta kwa amani.

Halafu akaunti 384 zilizobaki zipe utambulisho wa kweli. Hapa ndipo ulipojikwaa tangu mwanzo, kabla hata ya kupakia. Ulimtambulisha mtu kwa jina, na majina yetu hayafanyi kazi hiyo. Kwa Mtanzania jina la pili ni la baba, la tatu ni la babu au la ukoo, na karani wa udahili anaacha lolote kati ya hayo kutegemea nafasi kwenye fomu. Neema binti John mngeweza kuwa naye kila bweni. Lakini kila mmoja wao ana namba ya kidato cha nne: namba ya kituo, namba ya mtahiniwa, mwaka. Kwa mfano, S0123/0045/2019. Hakuna wawili wenye namba hiyo.

Hiyo iweke kama ilivyo kwenye safu ya idnumber. Kwenye jina la mtumiaji mkwaju (/) haukubaliki, wala herufi kubwa, kwa hiyo liandike s0123.0045.2019, nukta inaruhusiwa. Kubadilisha majina ya zamani kuwa mapya kunafanyika kwa faili vilevile: safu ya oldusername inabeba lile la zamani, safu ya username jipya, na kwenye mpangilio unaruhusu kubadili majina. Kama mna namba ya usajili ya chuo isiyobadilika, itumie hiyo. Mimi napenda ya kidato cha nne kwa sababu mwanafunzi anaikumbuka hata akiwa na usingizi.

Na lile chaguo lililokufurahisha, la kuongeza namba jina likigongana, sahau kuwa lipo. Wewe limekuzalishia kina Neema saba, lakini kwa majina haya mapya lingefanya kituko kikubwa zaidi. Mfumo ukikuta jina linaishia na tarakimu, huongeza moja kwenye tarakimu hizo. Mwanafunzi wa s0123.0045.2019 akipakiwa mara ya pili angeumbwa upya kama s0123.0045.2020, yaani mtahiniwa wa mwaka mwingine kabisa. Siku zote chagua kuongeza wapya tu na kuwaruka waliopo. Mfumo ukikataa mstari, ujue umekuonyesha tatizo. Soma amekataliwa nani na kwa nini.

Baruapepe sasa. Moodle ilianzishwa na Martin Dougiamas huko Australia, toleo 1.0 likatoka Agosti 2002, na mantiki yake mpaka leo inadhani kila mtu ana baruapepe anayoifungua. Wanafunzi wako wana Gmail iliyofunguliwa na muuza simu siku waliponunua simu, na nywila yake alibaki nayo muuza simu. Ndiyo maana wale wenye baruapepe nao hawakupata kitu. Usiwawekee ya kwako. Wape anwani ya bandia inayoishia na .invalid, kwa mfano namba yake, kisha @chuo.invalid. Moodle ikiona mwisho huo haijaribu hata kutuma. Kila mtu anapata anwani yake ya pekee, mfumo unaridhika, na mwenye Gmail inayofanya kazi ataibadilisha mwenyewe baadaye kwenye wasifu wake. Akaunti ulizosimamisha nazo zipe anwani za namna hiyo, zisibaki zimeshika Gmail za watu, kisha urudi kwenye ile ruhusa ya baruapepe moja kwa akaunti nyingi uizime.

Kama barua pepe haziendi, nywila zinafikaje? Kwa karatasi. Kwenye faili lile lile la kubadilisha majina weka safu ya password, kila mstari na nywila yake. Mpangilio wa kawaida unataka angalau herufi nane, ikiwemo kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Usitumie herufi kubwa O na sifuri, wala l ndogo na moja, vinginevyo utashinda dirishani unasomea watu. Kwenye upakiaji chagua nywila za waliopo zisasishwe, na hapa sasa ndipo ulazimishe wote kubadili wakiingia, kwa kuwa kila nywila inajulikana na mtu mmoja. Chapisha, kata vikaratasi, mwanafunzi aje na kitambulisho, asaini, achukue chake. Watu 384 kwa wakufunzi watatu ni asubuhi moja. Najua inaonekana ushamba kugawa karatasi kwa ajili ya mfumo wa mtandaoni, lakini nimegawa vikaratasi hivyo kwa miaka mingi na sijawahi kupata kesi ya mtu kuingia kwa jina la mwenzake siku ya kwanza.

Kabla ya kupakia faili hilo kubwa, jaribu na mistari mitano. Usichague mitano ya juu, chagua mitano yenye vituko: Ng'wandu, Neema John wawili, mwenye majina manne, na asiye na baruapepe. Mfumo utakuonyesha mistari hiyo kwanza kabla ya kuikubali, isome kwa macho yako.

Vile vidudu kwenye Ng'wandu na Nyang'oro ni suala dogo. Alama ya ng' iliyoandikwa kwa simu huweza kuwa ile iliyopinda, na faili lilihifadhiwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyoandika herufi) wa zamani wa Windows huku Moodle ikilisoma kwa usimbaji mwingine, UTF-8. Ukihifadhi kwenye Excel chagua aina ya CSV iliyoandikwa UTF-8, na alama zote zilizopinda zibadilishe ziwe zilizonyooka. Angalia na namba za simu pia. Excel huila sifuri ya mbele, 0754 inakuwa 754, na zile za 255 inaweza kuzigeuza kuwa kitu chenye herufi E katikati. Safu hizo ziambie mapema kuwa ni maandishi.

Kingine, ukiwa kwenye faili hilo hilo, ongeza safu ya cohort1 yenye jina la kundi la kila mmoja: uganga, uuguzi, famasia, na mwaka wao. Kundi lisipokuwepo, mfumo wenyewe utaliunda. Muhula ujao utaliunganisha kundi zima na kozi kwa hatua moja, na hutapakia mtu yeyote.

Sasa mkuu wa chuo. Nenda kesho asubuhi, kabla wanafunzi hawajakutangulia, maana yule binti anayelia ana mzazi na mzazi ana simu. Usiende mikono mitupu, na usiende na maelezo marefu. Andika nusu ukurasa: kilichotokea, nani ameathirika, unafanya nini, unahitaji nini. Ukishamsalimia sema hivi: "Mkuu, ile kazi ya kuingiza wanafunzi nimekosea. Kila mmoja ana akaunti mbili au tatu, na faili lenye taarifa zao nililituma mahali pasipofaa. Ukiacha kazi ya binti mmoja iliyoondolewa na mtu mwingine, sijui nyingine iliyopotea, na nimeshachukua bekapu. Naomba siku nne, naomba wakufunzi wawili wanisaidie kugawa nywila, na naomba jaribio lijalo lifanyike kwa karatasi safari hii." Kisha nyamaza. Atafoka, mwache amalize. Mkuu anayekupongeza kila siku atakasirika zaidi kwa kuwa alikuwa anajivunia wewe. Akishatulia atauliza itakuwa tayari lini, na jibu unalo. Mimi sikubaliani kabisa na kukuachia mzigo huu bila barua wala posho, na hilo nalo lina siku yake ya kulizungumza, ila siyo kesho.

Yule binti muite. Kumbukumbu za mfumo zitakuonyesha akaunti ipi iligusa kazi yake, saa ngapi na kutoka anwani gani ya IP, yaani namba ya mtandao uliotumika. Zisome ili ujue kilichotokea, lakini usimpeleke mtu kwenye kamati ya nidhamu kwa ushahidi huo. Nywila ilikuwa moja kwa wote. Hata aliyeingia kwa bahati mbaya kwenye akaunti ya jirani yake ataonekana mwizi. Mwombe mkufunzi amfungulie binti nafasi ya kuwasilisha tena.

Mwaka ujao, wiki moja kabla ya kupakia, bandika orodha kwenye ubao wa matangazo. Majina na namba za kidato cha nne tu, bila simu. Kila mmoja apitie mstari wake na asahihishe kwa kalamu. Wanafunzi hawapendi majina yao kukosewa. Watakusafishia faili bure kwa siku mbili.

Na kina Neema John waite wote watatu kwa pamoja, mkae kwenye kompyuta moja. Wimbi la tatu umeshalijua kwa mfuatano wa mistari, lakini akaunti iliyoumbwa kwa ajili ya Neema huyu inawezekana aliyeitumia ni yule. Fungua kazi iliyomo kwenye kila akaunti, uulize ni ya nani. Kila mtu anaijua kazi yake aliyoiandika.

Ukimaliza yote, rudi kwenye baruapepe yako ukazifute zile barua 164. Bado zina nywila za watu.